Kabla ya Kulalamikia Msimamo wa Ligi, Kagueni Kitabu cha Alama

Msimu huu malalamiko yanayotufikia sisi wa ligi kutoka timu za vijana za kriketi hapa Malindi yameongezeka, na karibu yote yanafanana. Timu mbili zimelingana kwa pointi, msimamo ukaamuliwa kwa wastani wa mikimbio (alama za mchezo) kwa ova (fungu la mipira 6 inayorushwa), yaani mikimbio ambayo timu inapata kwa kila ova toa ile inayofungwa, na iliyoachwa nyuma ikaamini imeonewa. Haikuonewa. Imekosea kugawanya.

Timu ikitolewa yote, yaani ikiishiwa wapigaji, kabla ya ova zake kwisha, mikimbio yake hugawanywa kwa ova zote ilizopangiwa, wala si zile ilizocheza. Chukueni mechi ya Pune ya Kombe la Dunia, tarehe 29 Februari 1996, Kenya ilipoilaza West Indies. Kenya ilitolewa kwa mikimbio 166 katika ova 49.3, West Indies kwa 93 katika ova 35.2. Zote mbili hugawanywa kwa ova 50 zilizopangwa: 3.32 toa 1.86, Kenya inapata 1.46. Anayegawanya kwa ova zilizochezwa ataipa Kenya takriban 0.72, yaani ataipunja timu iliyoshinda nusu ya haki yake.

Tena, ova 35.2 ni ova 35 na mipira 2. Ova ina mipira 6, kwa hiyo kwenye kompyuta andikeni 35.33. Tumelieleza hili mara nyingi na fomu zenu bado zinakuja na kosa hilo.

Lakini takwimu hazikuwekwa kwa ajili ya kugombania msimamo tu. Katika mechi hiyohiyo, mpigaji wa Kenya aliyefunga mengi zaidi, Steve Tikolo, alipata 29. Ziada, yaani mikimbio isiyotokana na gongo la mpigaji, zilikuwa 37. Kocha anayesoma majina ya wapigaji pekee hawezi kuona kwamba West Indies waliigawia Kenya mikimbio mingi kuliko aliyoipata mchezaji yeyote. Kisha Maurice Odumbe akarusha ova 10, akatoa mikimbio 15 na kuchukua wiketi 3, yaani akawatoa wapigaji 3. Watu hukumbuka wiketi. Mimi natazama ile 1.5 kwa ova, kwa sababu mpigaji aliyebanwa hivyo ndiye anayelazimika kupiga ovyo.

Ndiyo maana nawaomba makocha wasipange timu kwa wastani wa mpigaji peke yake. Wastani hupatikana kwa kugawanya mikimbio kwa mara alizotolewa. Kijana mwenye mikimbio 100 katika zamu 5 za kupiga, akiwa ametolewa mara 2 tu, ana wastani wa 50, ilhali kwa kila zamu ameleta 20. Ulizeni pia ametumia mipira mingapi: katika mechi ya ova 20, mikimbio 20 kwa mipira 12 huweza kuisaidia timu kuliko 30 kwa mipira 40.

Na sisi wa Pwani tuna upepo. Kusi ikishika, kurusha ukiikabili na kurusha ikikusukuma mgongoni ni kazi mbili tofauti. Andikeni kila ova ilirushwa kutoka upande gani wa uwanja. Baada ya mechi za kutosha mtajua nani apewe upande upi, na ova 4 anazoruhusiwa katika mechi ya ova 20 zitumike lini. Mechi mbili tatu hazitoshi kumhukumu mtoto.

Haya yote yanategemea rekodi ya kila mpira. Sheria ya 3 ya kriketi inataka waandishi wa alama wawili. Walinganishe vitabu vyao mara kwa mara, waitikie kila ishara ya mwamuzi papo hapo, na wakubaliane na waamuzi kuhusu mikimbio, wiketi na ova kila mapumziko, isipokuwa ya kunywa maji, na mwisho wa mechi. Waidi (mpira uliorushwa mbali na mpigaji) na nobo (mpira uliorushwa kinyume cha sheria) huandikwa dhidi ya mrushaji. Bai (mikimbio bila mpira kugusa gongo wala mwili wa mpigaji) na legi-bai (mpira ukigusa mwili tu) hazimhusu. Mikimbio 5 ya adhabu, mathalani mpira ukigonga kofia ya kinga ambayo timu inayolinda imeiweka chini uwanjani, huingia kwenye ziada na haimgusi mrushaji. Tumepokea vitabu ambamo mrushaji amebebeshwa hiyo 5, kisha akawekwa benchi kwa kutoa mikimbio mingi. Hiyo ni dhuluma.

Mwenye lalamiko alete vitabu vyote viwili, vikiwa na sahihi za waandishi na waamuzi. Picha ya ubao wa alama iliyopigwa kwa simu hatuipokei, kwa kuwa ubao huonyesha jumla na sisi tunahesabu mpira kwa mpira.