Je, wajua kwa nini maji safi kupita kiasi yanaua vifaranga vya samaki wa baharini?

Mfugaji akiona vifaranga vinakufa kitu cha kwanza anachofikiria ni uchafu, basi anachukua klorini anasugua tangi, maji anayapitisha kwenye taa za kuua vijidudu, anaona kamaliza kazi. Kwa samaki wa baharini wakiwa bado wadogo kabisa, hapo ndo shida inapoanzia.

Mwangalie kwanza kifaranga mwenyewe. Turboti, yule samaki bapa anayefugwa Hispania, akianguliwa ana kama milimita 3 tu, mwili unapitisha mwanga, utumbo bado ni kamrija kembamba. Kinga yake haijakomaa kwa hiyo chanjo haimsaidii. Halafu bahari ina chumvi kuliko mwili wake, inamnyonya maji, inabidi anywe kila saa, yaani hata kabla hajala chochote ameshameza bakteria. Hawezi kuwakwepa, cha muhimu ni ameanza kumeza wepi.

Mililita moja ya maji ya bahari ina bakteria kama milioni 1 na wengi wao hawana neno na mtu. Sasa wewe ukiwaua wote, chakula kinabaki na walaji hawapo, halafu unamwaga vifaranga humo na vyakula vyao, vinyesi vinaongezeka, na wanaorudi wa kwanza ni wale wanaozaliana haraka haraka, na humo ndo wamo akina vibrio, bakteria wa baharini ambao baadhi yao huwaua samaki. Shamba ukilichoma moto kinachotangulia kuota ni magugu, muhogo hauoti wenyewe. Na rotifa, kale kadudu kadogo wanakolishwa vifaranga, kanachuja maji na kukusanya bakteria tumboni, kwa hiyo maji yakiharibika ni kama unampa mtoto sumu ndani ya andazi. Vibrio anguillarum akishika, tangi zima linaweza kuisha ndani ya siku chache.

Norway, mji wa Trondheim, mtafiti Olav Vadstein na wenzake walikuja na wazo mwaka 1993 ambalo mimi naliona zuri mno: usiue tu, jaza nafasi. Maji yakishachujwa yanapita kwenye tangi lenye vipande vingi vya plastiki, chakula humo ni kidogo, basi wanaokaa ni bakteria wa polepole wanaojua kuishi kwa shida. Ukishika vile vipande vina utelezi, ule utelezi ndo wao. Maji yakitoka hapo vibrio anakuta sahani imelambwa. Vifaranga vya halibuti, samaki bapa mwingine, vilivyolelewa kwenye maji ya hivyo vilipona zaidi.

Kuna na Phaeobacter, bakteria wa rangi ya kahawia aliyepatikana kwenye kituo cha turboti hukohuko Hispania, yeye anatoa asidi inayomuua vibrio, na vifaranga vilivyolishwa rotifa wenye vibrio vilikufa vichache pale Phaeobacter alipokuwepo. Antibayotiki haichagui hivyo, inafagia wema na wabaya na kukurudisha palepale pa shamba lililochomwa.

Huku pwani kwetu vifaranga vingi vya mwatiko bado vinakusanywa baharini na kwenye mikoko, vimeshazoea bakteria wao. Ila kama unajenga kituo cha kutotolesha, lile tangi la vipande vya plastiki lianze kupitisha maji wiki kadhaa kabla mayai hayajafika.