Je, wajua kwa nini kibwawa cha Kihansi kinafua umeme mwingi kuliko Mtera?

Ukisafiri kati ya Iringa na Dodoma, unapita juu ya ukuta wa Mtera na kuona maji mpaka macho yachoke. Bwawa lile likijaa huenea kilomita za mraba 600 hivi, lakini mitambo yake ni ya megawati 80 tu. Kihansi, kule milima ya Udzungwa, bwawa halifiki hata nusu ya kilomita ya mraba, na mitambo yake ni ya megawati 180. Inakuwaje?

Siri ni kimo. Mtera maji hushuka kama mita 100. Kihansi hushuka kama mita 850, ndani ya mwamba. Chukua ndoo ya lita 20, hii hii ya kuchotea maji nyumbani. Ikimwagwa kwa kimo cha Mtera, umeme wake utawasha taa ya wati 10 kwa nusu saa hivi. Kwa kimo cha Kihansi, taa hiyo itawaka saa nne.

Huko chini maji huchomoka kwa kasi inayopita kilomita 400 kwa saa, yakapiga gurudumu lililozungukwa na vikombe pacha, mfano wa vijiko viwili vilivyounganishwa ubavuni. Ukingo wa katikati huyapasua, kila kikombe huyageuza yarudi yalikotoka, na yakishaacha nguvu zake hapo hudondoka yametulia, yakarejea mtoni.

Ila Kihansi haina ghala. Mtera huweka maji ya mvua yaje kutumika kiangazi. Kihansi hula kinacholetwa na mto. Mto ukipungua, megawati nazo zinapungua.

Halafu kuna vyura. Mto ulipoingizwa kwenye handaki, maporomoko yalinyauka na manyunyu yakakatika korongoni, makazi pekee duniani ya chura asiyezidi sentimita 3, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai. Mwaka 2000 karibu vyura 500 walipelekwa Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, na ikawa bahati: mwaka 2009 ilitangazwa kwamba porini wameisha. Walianza kurudishwa mwaka 2012, wakakuta mabomba ya kuwanyunyizia maji. Ndiyo maana sehemu ya mto ule haifui umeme hata kidogo. Huachwa ishuke korongoni kwa ajili yao.