Injini Kuwaka si Ushahidi kwamba ni Nzima

Mteja mwingine ameniletea injini ya Probox juu ya mkokoteni, keshailipia, na hoja yake ni ile ile: "Fundi, nimeiona ikiwaka kwa macho yangu." Kwa hivyo naandika. Yeyote anayetaka kununua salveji, yaani gari lililoharibika linalouzwa lilivyo, au spea mkononi mwa mtu hapa Malindi asome kabla pesa hazijamtoka.

Injini huwaka kwa sababu ndogo sana. Yenye silinda moja mbovu kati ya nne itawaka, itatetema tu. Yenye ringi za pistoni zilizokwisha itawaka. Na hapa kwetu itawaka upesi zaidi, jambo ambalo wanunuzi hawataki kunisikia nikilisema. Dizeli haina cheche. Inategemea hewa igandamizwe hadi ipate moto wa kulipua mafuta. Hewa ya Malindi huingia silindani ikiwa tayari na nyuzi 30 hivi, basi hata 5L, injini ya dizeli ya Hiace, iliyochoka kabisa huitika mara moja. Ipeleke Nyahururu, uiamshe alfajiri, ndipo utakapojua umeuziwa nini. Mnunuzi wa bara anayeshuka huku kutafuta matatu namsihi alikumbuke hili kuliko jingine lolote.

Isitoshe, muuzaji mjanja hukuwashia mapema. Umempigia simu ukiwa Watamu, ukifika injini imeshapata moto na moshi wa kwanza umekwenda na upepo. Mkisalimiana, weka mkono juu ya bloku. Ikiwa na joto, mwambie utarudi kesho asubuhi, na kabla hujafika isiguswe. Akikasirika, nenda zako.

Kipimo ni geji ya kompresheni, inayoonyesha kila silinda inagandamiza hewa kwa nguvu gani. Vitabu hutaka injini ipimwe ikiwa na joto lake la kazi, lakini injini iliyolala juu ya tairi uani kwa mtu utaipashaje? Naipima baridi, plagi zote nje, kipepeo cha hewa wazi, betri yenye nguvu, na siishikilii sana namba yenyewe. Natazama tofauti. Silinda zikipishana zaidi ya asilimia 15, namwambia mteja aiache. Ile dhaifu naitia kijiko cha oili, napima tena: kipimo kikipanda, ringi zimekwisha, kikikaa palepale, tafuta ubaya kwenye valvu au gasketi.

Hata hivyo kompresheni nzuri hainiondolei wasiwasi wote. Geji haisemi neno kuhusu beringi za krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni. Muuzaji akikubali nifungue sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, naangalia kama kuna vumbi la chuma linalometameta. Asipokubali, ninakisia, na mteja namwambia wazi kuwa hapo ninakisia.

Kisha maji. Visima vyetu vingi vina maji ya chumvi, na watu huyamimina kwenye rejeta mwaka baada ya mwaka, wengine wakiwa wamekwisha kung'oa na themostati, valvu inayodhibiti joto la maji. Silinda hedi ya aluminiamu huliwa kimyakimya kwenye njia za maji, jirani na gasketi. Vua hozi ya juu, mulika ndani kwa tochi. Ukiona matope mekundu au magamba meupe, hata kama injini inanguruma vizuri namna gani, hiyo itachemsha.

Kuhusu bodi sitakaa sana. Pikapu iliyofanya kazi kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni huoza kutoka ndani ya chesisi, rangi ya nje ikiwa bado inang'aa. Lala chini, gonga kwa nyundo ndogo, sikiliza. Gari la ajali likiwa na mifuko ya hewa, washa swichi: taa yake iwake sekunde chache kisha izimike. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu ameikata ili usiulize.

Karatasi ndizo zinazoniumiza kuliko kutu. Namba ya injini imeandikwa kwenye logibuku, hati ya umiliki wa gari. Ukibadilisha injini, NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, wanapaswa kujulishwa, nao watataka kujua ilikotoka. Bila stakabadhi yenye namba hiyo, jina la muuzaji na nambari yake ya kitambulisho, umenunua chuma kisicho na mwenyewe. Na ikiwa kiliibwa, nawe ulijua au ulikuwa na sababu ya kuamini hivyo, kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinafika miaka 14 jela. Bei iliyoshuka kupita kiasi inaweza kuhesabiwa kuwa sababu hiyo.

Giaboksi ya otomatiki iliyokwisha kushushwa? Nainusa oili, naangalia rangi: ikinuka kuungua au ikiwa nyeusi, naikataa. Ikiwa safi, huenda imebadilishwa jana. Sijui njia ya kuipima kwa uhakika nje ya gari, na simwekei mtu giaboksi ya namna hiyo mpaka muuzaji akubali kwa maandishi kuipokea ikirudishwa.