Je, wajua kwa nini beki bora wa Umoja wa Kisovieti alifika NHL, ligi kuu ya mpira wa magongo wa barafuni ya Amerika Kaskazini, akiwa na miaka 31?

Klabu ya New Jersey Devils ilijipatia haki ya kumsajili Viacheslav Fetisov mwaka 1983, lakini beki huyo hakuivalia jezi yake hadi msimu wa 1989, akiwa na umri ambao wachezaji wengi wa mpira wa magongo wa barafuni huanza kufikiria kustaafu. Kwa nini alichelewa kiasi hicho?

Sababu yenyewe ni jeshi. CSKA Moscow, klabu aliyoichezea tangu ujana wake, ilikuwa timu ya jeshi, na wachezaji wake walikuwa wanajeshi wenye vyeo. Kocha Viktor Tikhonov, aliyeifundisha pia timu ya taifa, alikuwa mkubwa wao uwanjani na jeshini, naye aliwaweka kambini sehemu kubwa ya mwaka, mbali na wake na watoto wao. Kwa hiyo Fetisov hakuwa mchezaji anayeomba kuhama klabu tu, bali afisa anayeomba kuachiwa na jeshi lake, na kuondoka bila ruhusa kungehesabiwa kuwa ni kutoroka.

Ushindi nao ulizidi kumfunga. Baada ya medali ya fedha ya Olimpiki ya Lake Placid mwaka 1980, alitwaa dhahabu Sarajevo mwaka 1984 na Calgary mwaka 1988. Ruhusa aliyoahidiwa iliendelea kucheleweshwa, na hata ilipokaribia, maofisa wa serikali walitaka sehemu kubwa ya mshahara wake wa Marekani. Alikataa, akagombana hadharani na Tikhonov, akaondolewa kikosini. Alirudishwa kwa ajili ya mashindano ya dunia ya 1989 mjini Stockholm baada ya wenzake kusimama upande wake.

Hapo Stockholm, mara baada ya ubingwa, kijana Alexander Mogilny alitoroka na kwenda kuichezea Buffalo Sabres, klabu nyingine ya NHL. Fetisov angeweza kufanya hivyo hivyo, lakini alirudi nyumbani na kuondoka baadaye kwa idhini rasmi. Kwa maoni yangu, uamuzi huo una uzito kuliko medali zake zote, kwa kuwa yeye na wachezaji wachache walioruhusiwa mwaka huo waliwafungulia njia wenzao waliobaki.

Miaka yake ya New Jersey haikuwa rahisi, na ni Detroit Red Wings, alikohamia mwaka 1995, iliyompa Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa NHL, mwaka 1997. Siku sita tu baada ya ushindi huo, gari lililombeba pamoja na beki mwenzake Vladimir Konstantinov na mkandaji wa timu, Sergei Mnatsakanov, liligonga mti. Fetisov alipona, ilhali wenzake wawili walipata majeraha mabaya ya ubongo. Mwaka 1998 Detroit ilipotwaa kombe tena, Konstantinov alizungushwa uwanjani katika kiti cha magurudumu, kombe likiwa mapajani mwake.

Fetisov alistaafu mwaka huo, akawa kocha msaidizi wa Devils, kisha mwaka 2002 akaifundisha Urusi iliyopata shaba katika Olimpiki ya Salt Lake City. Tangu mwaka huo hadi 2008 aliongoza idara ya serikali ya michezo, na mwaka 2016 akachaguliwa kuwa mbunge. Lakini kabla ya ubunge, Desemba 2009, akiwa na miaka 51, aliivaa tena jezi ya CSKA katika mechi moja ya ligi dhidi ya SKA ya St. Petersburg, safari hii akiwa yeye mwenyewe ndiye rais wa klabu.