Tiba ya muziki sio kumuwashia mtoto redio

Huku Kigoma ukitaja tiba ya muziki kuna watu wanakuuliza kama ni zile ngoma za kupunga pepo, na mzazi wa mtoto mwenye usonji (autism) ambaye keshazungushwa kwa waganga kuanzia Ujiji mpaka Kasulu ana haki ya kuogopa. Sio hiyo jamani. Usonji sio pepo wala laana ya ukoo, ni ubongo uliokua kwa namna yake toka mwanzo, na Dauni sindromu mara nyingi inatokana na kuwa na kromosomu (vibeba urithi vya ndani ya seli) namba 21 tatu badala ya mbili, kwa hiyo hakuna kitu cha kutolewa mwilini. Tiba ya muziki ni fani ya kusomea, Marekani ilianza kufundishwa chuoni toka 1944, na mtaalamu anampima kwanza mtoto, anaweka lengo, mfano aweze kusubiri zamu au kunyoosha mkono uliokakamaa, halafu anafuatilia kama anasogea.

Eti nyimbo za kwenye simu zinatosha. Hii ndo inaniuma zaidi manake unakuta mtoto kaachiwa simu kutwa nzima na nyumbani wanaamini wanamtibu. Nyimbo zinamfurahisha, sawa, lakini simu haimsubiri mtoto. Angalia inavyokuwa kwa mtaalamu: mtoto anagonga debe ovyo ovyo, na mtaalamu anachukua ngoma anagonga vilevile, mtoto akikimbiza anakimbiza naye, mtoto akiacha anaacha, mpaka mtoto anageuka amwone huyu anayemfuata ni nani. Hapo mazungumzo yameanza na hakuna aliyetamka neno. Au ule wimbo wa kuoga aliouzoea, mama anaimba "tunaosha mkono, tunaosha..." halafu anakata, anatulia, anamwangalia, hamalizii hata kama ukimya unamkera, na mtoto anatoa "gu", au anainua mguu tu. Hilo tayari ni jibu, mama anaendelea na wimbo.

Na kelele nyingi sio tiba nyingi. Watoto wengi wenye usonji masikio yao ni mepesi mno, spika ya harusi inamuumiza kweli, akiziba masikio usimwite mkorofi, punguza sauti au mtoe nje.

Wapo wanaosema tiba ya muziki inaponya usonji, wapo wanaosema ni mchezo tu, na wote wamekosea. Utafiti uliotoka 2017, watoto 364 kwenye nchi 9, ulikuta baada ya miezi 5 waliopata tiba ya muziki hawakuwazidi wenzao wasioipata kwenye dalili za usonji zinazohusu kuchangamana na watu. Lakini 2022 Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba kwa pamoja, walikusanya tafiti 26 zenye watu 1,165, wakaona tiba hii huenda inaongeza nafasi ya kupata nafuu kwa ujumla na kuboresha maisha. Sasa mtu akikuahidi mwanao ataongea ndani ya mwezi, shika pochi yako uondoke. Na kama mtoto haongei, kabla ya yote nenda hospitali masikio yapimwe, usiachishe mazoezi ya viungo wala ya kuongea kwa sababu ya ngoma.

Kipaji hakihitajiki, wala kinanda, debe na vizibo vya soda vinatosha kuanzia.

Halafu hii ya kwamba ni ya watoto, mtu akifika miaka 25 basi kashapita. Hapana kabisa. Mtu mzima mwenye utindio wa ubongo (cerebral palsy) anaweza kufanyia mazoezi ya kutembea kwenye mdundo ulio sawa, hatua zikajipanga vizuri zaidi, na kijana anayesahau mpangilio wa kazi akatungiwa wimbo mfupi wa hatua zake. Pale Kibirizi, mwaloni hapa Kigoma, kazi ya kuanika dagaa ina mpangilio wake, mwaga, tandaza, geuza, kusanya, kijana akiimba hivyo na shangazi yake siku hadi siku anajua kinachofuata bila kusukumwa. Tena aulizwe anapenda muziki gani, manake kumwimbia mtu wa miaka 30 nyimbo za chekechea ni kumdharau.