Paka wa nyumbani akikung'ata: dhana potofu na ukweli wake

Chonge la paka ni jembamba na kali kama sindano. Likizama mkononi huacha kitundu usichoweza kupitisha hata njiti ya kiberiti, damu hutoka matone mawili matatu, na muda si mrefu ngozi imeshafumba. Ukitazama juu huoni kitu. Kwa hiyo ukubwa wa jeraha na wingi wa damu havikusaidii kuamua kama uende hospitali au ubaki nyumbani. Maswali yenye maana ni matatu: jino limezama wapi, limemzamia nani, na zimepita saa ngapi.

"Ni kitundu tu, hata damu haijatoka ya maana."

Afadhali ingetoka. Mbwa huchana: jeraha lake linatisha, lakini mara nyingi liko wazi na maji yanafika ndani. Paka hudunga. Mate yake husukumwa mpaka kwenye nyama, ngozi inafunga mlango, na kule chini bakteria wanabaki wenyewe. Katika kila watu 10 waliong'atwa na paka, kati ya 3 na 5 hupata maambukizi, kiwango kinachowazidi kwa mbali waliong'atwa na mbwa.

Mhusika mkuu ni bakteria aitwaye Pasteurella multocida, anayeishi kinywani mwa paka wengi walio wazima kabisa. Huyu ana haraka. Maumivu yanayozidi, joto na uvimbe kwa kawaida huanza ndani ya saa 24, na wakati mwingine saa 3 tu baada ya jino kuingia. Uvimbe unaoanza siku ya tatu mara nyingi ni wa bakteria wengine, wakiwemo wanaokaa kwenye ngozi yako mwenyewe. Aliyeng'atwa jioni akaamka alfajiri na kidole kinachopwita hana cha kusubiri.

Tahadhari moja: maelezo mengi husema utazame wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha. Huonekana kama zambarau, kama weusi uliokolea, au usionekane kabisa. Tegemea kugusa. Weka mgongo wa kiganja juu ya jeraha, kisha mahali hapohapo kwenye mkono wa pili. Upande ulio moto zaidi, ngozi iliyokaza ikang'aa, na mikunjo ya kidole iliyopotea vinatosha kuwa ushahidi.

"Kidole tu hicho, ingekuwa usoni tungeogopa."

Usoni kuna damu nyingi inayopita, na damu ndiyo inayobeba askari wa mwili. Jeraha la uso linahitaji daktari, naam, lakini mkono ndio unaowalaza watu hospitali. Kano za kukunjia vidole hupita ndani ya ala nyembamba, kama waya wa breki ya baiskeli ndani ya ganda lake. Jino likitoboa ala hiyo, bakteria husafiri kwa urefu wote wa kidole. Nafasi ni finyu, usaha hauna pa kutokea, shinikizo linapanda, kano inakosa damu. Ikicheleweshwa, kidole hubaki kigumu maisha yote.

Daktari wa upasuaji wa Marekani, Allen Kanavel, aliacha dalili nne ambazo madaktari wanazitumia mpaka leo, na hata wewe unaweza kuzitazama ukiwa umekaa kitini. Kidole kimejikunja kidogo na hakitaki kunyooka. Kimevimba sawasawa kuanzia shina hadi ncha, mithili ya soseji. Kinauma ukibonyeza upande wa kiganja kufuata njia ya kano. Na ukikinyoosha taratibu kwa mkono wa pili, maumivu yanakurusha. Hata ikiwepo moja tu, nenda saa hiyohiyo. Usiku si sababu ya kungoja.

Katika Kliniki ya Mayo nchini Marekani, madaktari walipitia wagonjwa 193 waliong'atwa na paka mkononi kati ya 2009 na 2011. Waliolazwa walikuwa 57, na 38 walihitaji upasuaji wa kuosha jeraha. Walioumwa kwenye kifundo cha mkono au kwenye kiungo cha kidole ndio waliokuwa katika hatari zaidi ya kulazwa. Ndiyo maana kanuni ya waganga wengi ni fupi: jino la paka likitoboa ngozi ya mkono, au likiwa karibu na kiungo chochote, aliyeumwa aonekane na daktari siku hiyohiyo hata kama hajavimba.

"Mwagia spiriti, funga plasta, yaishe."

Spiriti na peroksaidi ya hidrojeni huunguza nyama zinazotakiwa kupona, na havifiki chini lilikofika jino. Kinachosaidia ni maji mengi na muda. Vua pete kwanza, kabla kidole hakijavimba. Osha kwa sabuni chini ya maji yanayotiririka kwa dakika 15 zilizohesabiwa kwa saa, maana dakika 15 za kukisia huwa ni 3. Acha damu itoke yenyewe. Usikamue kwa nguvu, wala usichokonoe tundu kwa kitu chochote. Ukishaosha unaweza kupaka iodini ya povidoni, kisha funika kwa gozi kavu bila kubana. Weka mkono juu kuliko moyo. Chora kwa kalamu mpaka wa uvimbe na uandike saa pembeni. Uvimbe ukiuvuka mstari huo, hakuna tena la kubishana.

Gundi ya ngozi usiiguse. Hata hospitali matundu ya meno ya paka kwa kawaida hayashonwi, kwa sababu kuyafunga ni kuufungia uchafu ndani. Uso ndio huweza kushonwa, baada ya kuoshwa vizuri.

"Nina vidonge vilivyobaki mara ile."

Hapa watu hupoteza siku mbili za maana. Kloksasilini, sefaleksini na erithromisini ni dhaifu mbele ya Pasteurella, ingawa zinatibu vidonda vingine vya ngozi. Amoksilini peke yake inamweza huyo mmoja, lakini kinywani mwa paka kuna bakteria wengine wanaoivunja. Dawa ya kwanza kwa kawaida ni amoksilini iliyochanganywa na asidi ya klavulaniki, siku 3 hadi 5 kwa kukinga, zaidi kama maambukizi yameshaanza. Mwenye mzio wa penisilini hupewa mchanganyiko mwingine, mathalani doksisiklini na metronidazoli, ambao nao haumfai kila mtu, hasa mjamzito. Kuchagua dawa mwachie mtaalamu.

"Kichaa cha mbwa ni cha mbwa."

Jina limetuponza. Virusi hivi hushika mamalia yeyote, paka akiwemo, na dalili zikishaanza kwa binadamu karibu kila mara ni kifo. Kama unaishi mahali ambapo ugonjwa upo, kila jeraha la jino lililotoboa ngozi linahitaji tathmini, na mahali pengi paka wa nyumbani hutoka nje usiku na mwenyewe hajui alikutana na nani.

Kinachofanyika ni hiki: paka aliye mzima huwekwa chini ya uangalizi siku 10. Akibaki hai na mzima siku zote hizo, mate yake hayakuwa na virusi siku alipong'ata. Usimuue wala usimfukuze, maana ndiye jibu lenyewe. Lakini uangalizi si ruhusa ya kuahirisha chanjo. Katika maeneo yenye ugonjwa, chanjo huanza mara moja na husimamishwa paka akimaliza siku 10 salama. Ratiba moja inayotumika sana ya sindano za msulini ni siku ya 0, 3, 7 na 14. Jeraha lililotoboa ngozi kwa asiyewahi kuchanjwa huhitaji pia kingamwili zinazochomwa ndani na kandokando ya jeraha, na hizo hazitolewi zikishapita siku 7 tangu dozi ya kwanza ya chanjo. Umechelewa wiki mbili? Nenda tu. Virusi huchukua kwa kawaida miezi 2 hadi 3 kabla ya kuonyesha dalili.

"Paka wangu ana kadi ya chanjo."

Vizuri, hilo linapunguza hofu ya kichaa na si zaidi. Kadi hiyo haimhusu Pasteurella, wala pepopunda. Jeraha la meno huhesabiwa kuwa chafu: kama sindano yako ya mwisho ya pepopunda imepita miaka 5 unahitaji ya kuongeza, na kama hukumaliza dozi 3 za msingi au hukumbuki, sema hivyo wazi. Kadi haimhusu Bartonella henselae pia, bakteria anayeenezwa na viroboto wa paka. Huyo huja kimya kimya: wiki 1 hadi 3 baadaye mitoki huvimba kwapani au shingoni, mara nyingi baada ya mkwaruzo wa paka mdogo uliokwisha kusahaulika.

"Kwani kila mkwaruzo ni hospitali?"

Hapana. Meno yamebana ngozi bila kuitoboa, huna ugonjwa wa kudumu: osha, endelea na shughuli zako. Alama ya juujuu mguuni au mkono wa juu, mbali na viungo, paka amechanjwa, eneo lako halina kichaa, sindano yako ya pepopunda iko ndani ya muda: osha na uangalie kwa saa 48.

Wasiosubiri saa hizo 48 ni wenye kisukari, ugonjwa wa ini, VVU visivyodhibitiwa, wanaotumia dawa za saratani au steroidi, waliotolewa bandama, wajawazito, wenye kiungo bandia, kiwe karibu au mbali na jeraha, wenye valvu bandia ya moyo, na walioumwa mkono ulio upande wa titi lililoondolewa pamoja na matezi ya kwapa. Hao waende hata kwa kitundu kimoja. Kwa mtu yeyote, homa, kutetemeka, mistari inayopanda kutoka kwenye jeraha au ganzi ya kidole ni dharura.

Ukienda, taja saa uliyong'atwa, mzio wako na vidonge ulivyokwisha kumeza, na ueleze kama paka alichokozwa au alikuvamia tu. Onyesha kila tundu: meno ya juu huwa na jozi yake ya chini, na tundu la upande wa pili wa kidole ndilo linalosahauliwa kuoshwa.