Gharama ya Maisha Haipangi Mshahara Wako

Nimeletewa tena lile jedwali. Meneja wa bidhaa mwandamizi wa kampuni ya teknolojia, mtu hodari ambaye ningempendekeza kwa mwajiri yeyote, amechukua mshahara wa San Francisco, akaupunguza kwa faharasa ya gharama ya maisha, yaani kipimo cha kulinganisha bei za miji, aliyoiokota mtandaoni, na kupata matarajio yake ya Nairobi hadi senti ya mwisho. Waajiri wa ng'ambo nao huniletea hesabu hiyo hiyo kutoka upande wa pili, wakitaka kujua kwa nini mtu anayeishi Kilimani, Nairobi, ambako nyumba ni nafuu, asilipwe theluthi ya mshahara wa mwenzake wa London. Pande zote mbili zinaamini kwamba mishahara hutofautiana baina ya maeneo kwa sababu gharama ya maisha hutofautiana. Nimechoka kulisikia jambo hilo, hasa kwa sababu wanaolisema ni watu ambao kazi yao ya kila siku ni kupanga bei.

Mwaka 2017, orodha ya kampuni ya ushauri ya Mercer ya miji iliyo ghali kwa wafanyakazi wa kigeni iliongozwa na Luanda, mbele ya Hong Kong na Tokyo. Sijaona mgombea aliyetumia mishahara ya Luanda kama kigezo. Kodi ya nyumba jijini London inaumiza kwa kiasi kinachokaribia cha San Francisco, lakini matangazo ya kazi hii huko kwa kawaida huzunguka kati ya pauni 80,000 na 110,000 kwa mwaka, ilhali California mshahara wa msingi pekee huvuka dola 200,000 bila mtu kushtuka. Mkate wa London si wa nusu bei. Kilichopo California ni kampuni zenye faida kubwa mno kwa kila mfanyakazi, zilizosongamana mahali pamoja zikigombea watu walewale, kiasi kwamba mtu anaweza kuhama mwajiri bila kubadilisha kituo anachoshukia treni.

Ushahidi wa karibu zaidi tumeuona hapa hapa. Mwaka 2019 Microsoft ilifungua kituo chake cha uhandisi Nairobi na Lagos, na mwaka 2022 Google ikatangaza kituo cha kutengeneza bidhaa Nairobi. Kampuni za hapa zilianza kulalamika kwamba watu wao wanachukuliwa, na matarajio ya mishahara yakapaa kwa kasi ambayo bei ya unga haikuwa nayo. Kisha mtaji wa kampuni changa ukakauka na kampuni kubwa za teknolojia duniani zikapunguza watu. Mwaka 2023 kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kwenye mafuta ulipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, shilingi ilizidi kuporomoka, na kila aliyekuwa na gari alijua maisha yamepanda bei. Mishahara waliyokuwa wakipewa mameneja wa bidhaa katika kipindi hicho hicho ilishuka. Kama gharama ya maisha ndiyo ingepanga mshahara, mwaka huo ungekuwa mwaka wa neema. Kilichoupanga ni idadi ya waajiri waliokuwa tayari kumgombea mtu mmoja, na walikuwa wamepungua.

Wapo wanaojiona wajanja zaidi, wanaoacha faharasa ya mtandaoni na kuleta hesabu ya uwezo wa kununua, ile ya Benki ya Dunia, kana kwamba jina la taasisi linatosha kuitakasa. Hesabu hiyo inafaa kulinganisha uchumi wa nchi nzima. Kapu lake la bidhaa na huduma zinazolinganishwa limejaa vitu ambavyo ni rahisi hapa kwa sababu watu wanaovitoa wanalipwa kidogo: kinyozi, nauli ya matatu, mboga za kibandani. Meneja mwandamizi hatumii sehemu kubwa ya mshahara wake kwa kinyozi. Analipia shule ya mtaala wa kigeni, tarakilishi ambayo bei yake haijui mipaka, na Toyota iliyotumika ambayo, ikishateremshwa Mombasa na kulipiwa ushuru, inamfikia ikiwa ghali kuliko ilivyokuwa ikitoka Japani. Kwa mtu wa daraja hilo, Nairobi si mji wa bei nafuu. Lakini hata hoja hiyo, ambayo huwa naitoa kwa hamasa, haimsaidii mezani, kwa kuwa mwajiri hanunui mahitaji yake, ananunua kazi yake.

Kuhusu kulinganisha takwimu zenyewe nitapita haraka, maana makosa yake yanajulikana. Sheria ya California inayotumika tangu Januari 2023 inawataka waajiri wenye wafanyakazi 15 au zaidi kuonyesha kiwango cha mshahara katika tangazo, na kiwango hicho hakijumuishi hisa wala bonasi. Tovuti za kulinganisha mishahara hujumlisha vyote, hata hisa zitakazotolewa kidogo kidogo kwa miaka minne. Mhindi akikutajia malipo yake, mara nyingi amehesabu na mchango wa mwajiri katika mfuko wa akiba. Dubai hakuna kodi ya mapato kwenye mshahara, ila kiinua mgongo huhesabiwa kwa mshahara wa msingi, kwa hiyo angalia ni sehemu gani ya malipo imeitwa posho ya nyumba. Uingereza, kila pauni ya mshahara wa mwaka kati ya 100,000 na 125,140 hukatwa kodi kwa kiwango kinachofikia asilimia 60, kabla ya mchango wa bima ya taifa. Ujerumani mwajiri hulipa takriban moja ya tano juu ya mshahara kwa michango ya bima ya jamii, na Ufaransa huweza kulipa zaidi ya theluthi. Hilo la mwisho hupuuzwa mno: mshahara wa Paris unaouona mdogo unaweza kumgharimu mwajiri kiasi kikubwa kuliko unavyodhani.

Hapa kwetu Kenya mwajiri huongeza kidogo tu: asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, mchango wa NSSF (mfuko wa pensheni) wenye kikomo, na shilingi 50 za NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani. Mzigo uko upande wa mfanyakazi. Kwa viwango vya PAYE (kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara) vilivyoanza Julai 2023, pamoja na SHIF (bima ya afya) ya asilimia 2.75 isiyo na kikomo, mshahara wa shilingi 600,000 kwa mwezi humfikia mtu ukiwa takriban 404,000. Taja mshahara kabla ya makato, na useme wazi kwamba ni kabla ya makato, kwa sababu bado nakutana na watu wazima waliokubaliana na mwajiri juu ya tarakimu moja huku kila mmoja akiwa na maana yake.

Kampuni zinazoajiri watu walio mbali hazikubaliani zenyewe. GitLab, kampuni ya programu za kompyuta, imejulikana kwa kuzidisha mshahara kwa kigezo cha mahali, na 37signals ya Chicago, nayo ya programu, imelipa kwa kiwango cha San Francisco popote mtu anapoishi. Mgombea akiniuliza ipi ni haki, huwa nasitasita. Utaratibu wa kwanza unampa mtu wa Nairobi pungufu kwa kazi ileile. Wa pili hufanya nafasi ya Nairobi igombewe na dunia nzima, na sina hakika kwamba watu wetu wengi wangeipata. Naungama pia kwamba viwango ninavyovitoa mimi chini ya jina la bei ya soko ni, katika daraja hili, maoni ya waajiri wachache wanaojibu simu zangu. Soko la mameneja waandamizi Nairobi ni dogo, na uteuzi wa mtu mmoja katika benki moja unaweza kuliyumbisha.

Kwa hiyo ukiulizwa matarajio yako, acha jedwali nyumbani. Uliza ni nani mwingine angekuajiri mwezi huu na kwa kiasi gani, kisha uliza nafasi hii imetengewa bajeti ya nchi gani. Kama utalipwa kama mkandarasi, ongeza thamani ya bima ya matibabu, siku 21 za likizo ambazo Sheria ya Ajira ya 2007 inamhakikishia mwajiriwa, na malipo ya kupunguzwa kazini, kwa sababu hakuna atakayekupa. Na kama mkataba ni wa dola, andikeni utaratibu wa kuupitia upya thamani ya sarafu ikibadilika sana. Januari 2024 dola ilikuwa inakaribia shilingi 160, na kufikia katikati ya mwaka ilikuwa takriban 129. Waliolipwa kwa dola walipoteza karibu moja ya tano ya mshahara wao kwa shilingi, na wengi hawakuwa na kifungu chochote cha kuwarudisha mezani.